Mombo hadi Mtae kwa pikipiki na hema: mwongozo kamili wa kupanda, kulala na kushuka Usambara

Wanaorudi kutoka Lushoto na pikipiki huleta malalamiko yanayofanana mno. Breki ya nyuma iliisha nguvu kabla ya kufika Mombo. Begi lilihama upande mmoja katikati ya kona. Hema lilijaa maji usiku wa kwanza, na asubuhi mtu akateremka akiwa amelowa, amechoka, na mikono imekufa ganzi kwa baridi.

Ukiyafuatilia, mengi yana mzizi mmoja. Mzigo ulifungwa vibaya nyumbani, juu ya pikipiki ambayo haikuandaliwa kwa mteremko. Kupanda si tatizo. Pikipiki yoyote ya CC 125 au 150 iliyo nzima itapanda, hata kama ni kwa gia namba mbili. Kushuka na mzigo ndiko kunakoumiza watu, kwa hiyo mwongozo huu umeandikwa kwa kuanzia huko: kila unachokifanya kabla ya safari kipime kwa swali la kama kitakusaidia kushuka.

## Njia yenyewe

Kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha unaingilia Mombo. Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni lami, kama kilomita 33, na ndani ya kipande hicho unapanda karibu mita 1,000. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiupita, Magamba njia inagawanyika: moja inakwenda Mlola, nyingine inashika Lukozi hadi Mtae, kama kilomita 60 kutoka Lushoto, na huko sehemu kubwa utakanyaga udongo. Hali ya udongo hubadilika kila msimu, hivyo ulizia kwa madereva wa bodaboda pale stendi ya Lushoto kabla hujaendelea. Wao wanaijua ya leo asubuhi.

Msimu una uzito kuliko aina ya pikipiki. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa juu huteleza kama sabuni. Usiende Mtae na mzigo. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inawezekana lakini kwa kuvizia siku kavu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri ya barabara, ila usiku wa Juni na Julai ni baridi kali kwa mtu aliyezoea Pwani.

## Vitu vya kuandaa

Kwa pikipiki:

- Breki shuu mpya za nyuma (au pedi, kama ni diski), zifungwe kabla ya safari, zisibebwe kama akiba
- Tairi la nyuma lenye meno ya kutosha, na tyubu moja ya akiba
- Viraka, solusheni, pampu ya mkono na nyenzo mbili za kutolea tairi
- Waya wa klachi na waya wa mafuta wa akiba, plagi moja, fyuzi mbili
- Spana za saizi zinazotumika kwenye pikipiki yako, koleo, bisibisi
- Kiungio cha cheni na oili kidogo kwenye chupa

Kwa mwili: helmeti yenye kioo, glovu, koti zito, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, koti na suruali ya mvua, reflekta. Abiria naye sheria inamtaka avae helmeti. Lakini ushauri wangu ni kwamba kama umebeba hema usibebe abiria. Pikipiki ndogo haiwezi vyote viwili kwenye mlima ule.

Kwa kulala: hema lenye tabaka mbili, mkeka wa sponji, blanketi zito au begi la kulalia, turubai dogo, taa ya kichwani, jiko dogo la gesi, sufuria moja, maji lita tatu hadi nne.

Leseni, kadi ya pikipiki na bima viwe kwenye mfuko wa plastiki, mahali unapoweza kuvitoa bila kufungua mzigo. Njiani utasimamishwa, na kufungua mzigo pembeni ya barabara kuu ndiko kunakoleta ufungaji wa haraka na mbaya.

## Hatua ya 1: Iandae pikipiki ikiwa na mzigo juu yake

Wengi hupeleka pikipiki kwa fundi ikiwa tupu. Cheni inakazwa, inaonekana sawa. Kisha mzigo unapanda, shokapu zinazama, gurudumu la nyuma linabadili umbali wake na injini, na cheni iliyokuwa sawa sasa inavutika kama uzi wa gitaa. Huko ndiko cheni zinakokatikia, na beringi za nyuma kufia.

Fanya hivi. Funga mzigo wote kama utakavyosafiri nao. Kalia pikipiki. Mwambie fundi apime mchezo wa cheni katikati, upande wa chini, wewe ukiwa juu. Bado inatakiwa ichezecheze kidogo. Ikiwa imekaza kabisa, ilegezwe.

Upepo wa tairi nao ufuate mzigo. Kibandiko kilicho karibu na kifuniko cha cheni, au kitabu cha pikipiki, kinataja kipimo cha mtu mmoja na kipimo cha kubeba. Tumia cha kubeba, na upime asubuhi tairi likiwa la baridi. Usisikilize ushauri wa kupunguza upepo ili "ushike udongo". Ukiwa na mzigo, tairi lililolegea huzunguka juu ya ringi, linavuta tyubu, na valvu inang'oka.

Breki ya nyuma irekebishwe ishike mapema, kanyagio lishuke kidogo tu. Baada ya kurekebisha, nyanyua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Liende kwa uhuru bila kukwaruza. Breki inayoburuza kidogo kidogo hupata joto hata usipoikanyaga, na ukifika mteremkoni inakuwa imeshachoka.

## Hatua ya 2: Funga mzigo chini na mbele

Uzito ukae karibu na wewe na karibu na ardhi. Spana, maji na sufuria viingie kwenye mabegi ya pembeni, kila upande uzito ule ule. Hema na mkeka, ambavyo ni vyepesi, ndivyo vikae juu ya keria.

Sababu utaiona kwenye mpando wa kwanza baada ya Mombo. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi. Usukani unaelea, ukigeuza pikipiki haitii mara moja. Na ukishuka, begi refu la juu linakusukuma mgongoni kila unapofunga breki.

Kwa safari ya siku mbili tatu, mzigo usizidi kilo 20 hivi. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu kabisa, na uzito huo unakuhesabu na wewe.

Tumia mikanda ya kubana kwanza, mpira wa tyubu baadaye. Mpira peke yake unavutika, na kila kona inauvuta zaidi. Ncha za mikanda zifungwe fundo na kuchomekwa ndani. Kipande kinachoning'inia kikinaswa na cheni, gurudumu la nyuma linasimama ghafla. Hakikisha pia hakuna begi linalogusa ekzosi.

Sasa shika mzigo kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu, kushoto na kulia. Pikipiki nzima icheze pamoja na mzigo. Mzigo ukicheza peke yake, fungua uanze upya. Kisha endesha kilomita chache mtaani, usimame, ukaze tena. Mikanda yote hulegea kidogo mwanzoni.

## Hatua ya 3: Ingia Mombo asubuhi

Ukitokea Dar es Salaam, lala Korogwe au Mombo. Usianze kupanda jioni. Malori ya mboga na matunda ya Lushoto huteremka jioni na usiku kwenda sokoni, yamejaa, na dereva ana haraka. Giza, ukungu na lori la kabichi kwenye kona moja ni mambo matatu ambayo huna haja ya kukutana nayo.

Jaza tanki Mombo au Lushoto. Huko juu mafuta yapo, lakini mengi huuzwa kwenye chupa, na ya chupa huwezi kujua yamekaa muda gani au yamechanganywa na nini. Pikipiki yenye mzigo ikipanda hula zaidi ya ulivyozoea mjini.

Washa taa kubwa, mchana kweupe. Kona nyingi za kuelekea Soni zina kivuli cha miti, na mtu anayetoka juani haoni pikipiki isiyo na taa.

## Hatua ya 4: Kupanda na kukata kona

Injini itapungukiwa nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwa kila mita 1,000 hesabu kupoteza karibu sehemu moja ya kumi. Huo si ubovu, usiguse kabureta. Shusha gia mapema, injini ikiwa bado na pumzi, usingoje ianze kutetemeka.

Kona zina kanuni moja: kila kitu kifanyike kabla. Punguza mwendo pikipiki ikiwa imesimama wima, shusha gia, achia breki, ndipo ulale kwenye kona huku ukitoa mafuta kidogo kidogo. Anayebana breki katikati ya kona, pikipiki ikiwa imelala na mzigo nyuma, anaomba tairi lifanye kazi mbili kwa wakati mmoja, na mchanga kidogo tu unatosha kumwangusha.

Macho yatazame kona inakoishia. Ukikodolea bonde, pikipiki itafuata macho yako.

Kwa kuwa tunapita kushoto, kona za kulia na za kushoto hazina hatari sawa. Zitenganishe kichwani:

Kona ya kushoto iliyojikunja. Uko upande wa ndani, ambako mpando ndio mkali zaidi. Ukiingia kwa gia kubwa, injini itazima katikati na utaanza kurudi nyuma. Ingia kwa namba moja au mbili, ukianzia upande wa kulia wa njia yako bila kuvuka katikati. Ukiingia kwa kasi kupita kiasi, utatupwa kwenye njia ya wanaoteremka.

Kona ya kulia. Uko upande wa nje. Ni pana zaidi, na kwa hiyo inadanganya. Mchanga na kokoto husukumwa na matairi ya magari hadi ukingoni, palepale unapopita, na ukizidiwa mwendo unatoka nje ya barabara. Tena huku ndiko mabasi yanayoteremka, yakiwa upande wa ndani uliojikunja, hutanuka na kuingia upande wako. Piga honi kabla, ukae katikati ya njia yako, ukiwa tayari kubana kushoto.

Ukilifuata lori lililojaa linalopanda mahali pembamba, liachie nafasi. Likisimama kwenye mpando, kuliondoa tena ni shida, na likirudi nyuma hata kidogo wewe ndiwe uliye nyuma yake.

Utajua umeshika kona vizuri ukifika Soni ukiwa hujabana breki hata mara moja ukiwa umelala. Hapo simama, unywe chai, kaza mikanda.

## Hatua ya 5: Udongo baada ya Magamba

Punguza mwendo kwa nusu. Fuata mstari uliopitwa na magurudumu ya gari, kwa sababu umeshindiliwa. Katikati kuna kokoto zilizolegea. Usikate kutoka mstari mmoja kwenda mwingine ghafla.

Penye mashimo simama kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, pikipiki icheze chini yako. Penye matope kavuke kwa mwendo mmoja usiobadilika, bila breki. Ukiona watu wa bodaboda wa huko wameshuka na wanasukuma, nawe shuka.

Mvua ikikushika kati ya Lukozi na Mtae, egesha kijijini usubiri. Udongo ule ukipigwa jua saa mbili tatu unashika tena. Kulazimisha hakukupi chochote.

## Hatua ya 6: Omba mahali, kisha chagua mahali

Uwe umefika pa kulala saa kumi alasiri. Si kwa ajili ya kuendesha tu. Unahitaji mwanga wa kuona ardhi.

Karibu kila kipande cha Usambara ni shamba la mtu au ni msitu wa hifadhi. Kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji, ujitambulishe, useme unalala siku ngapi. Hilo ndilo linalokulinda usiku, kuliko kufuli lolote. Ndani ya hifadhi kama Magamba ni lazima upate kibali na ulipie kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Irente, karibu na mji wa Lushoto, na kijiji cha Mambo, karibu na Mtae, kuna wenyeji wenye nyumba za wageni wanaopokea watu wa mahema, na kwa safari ya kwanza ningekushauri uanzie huko.

Ukipewa eneo, usipige hema mahali panapopendeza macho kwanza. Angalia haya:

Ukingoni mwa genge, Irente au Mambo, upepo hupanda kutoka bondeni usiku. Rudi nyuma ya vichaka au ukuta. Bondeni kabisa nako si kuzuri, kwani hewa baridi hushuka na kutuama huko, ukaamka umelowa umande. Tafuta katikati, penye mwinuko mdogo. Usilale chini ya mikaratusi, matawi yake hukatika bila dalili. Chunguza ardhi kama kuna misururu ya siafu, hasa baada ya mvua.

## Hatua ya 7: Piga hema lisilojaa maji

Kosa lipo kwenye turubai. Mtu hutandika turubai kubwa, kisha hema juu yake, na kingo za turubai zinatokeza nje pande zote. Mvua inadondoka kwenye kingo hizo, inateremka chini ya hema, na turubai linageuka beseni. Kunja kingo zote ziingie chini, kiasi cha kiganja kimoja ndani ya ukuta wa hema.

Tabaka la nje lisigusane na la ndani. Likigusana, maji hupita hapo na pumzi yako yenyewe hugeuka matone. Vuta kamba zote, hata kama anga ni safi, na acha tundu la hewa wazi. Vigingi vichomekwe kwa kuinamia nje, mbali na hema. Mlango uupe upepo mgongo.

Usichimbe mtaro kuzunguka hema. Milima hii inapoteza udongo kwa kila mfereji unaoanzishwa. Panda hatua chache juu zaidi badala yake.

Lala kichwa upande wa juu wa mteremko. Mkeka una kazi kuliko blanketi la pili, kwa kuwa ardhi ndiyo inayonyonya joto lako.

Onyo ambalo halina mjadala: usiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema, hata likiwa linafifia, hata kwa dakika chache za kujipasha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hasinzii akaamka na kichwa kikimuuma. Anaweza asiamke kabisa. Ukihisi baridi, vaa kila kitu ulichobeba, kula kitu cha moto nje, kisha uingie.

Pikipiki iegeshwe pembeni, isiwe upande wa juu wa hema, pua ikitazama juu, ikiwa kwenye gia. Weka jiwe bapa chini ya stendi. Ardhi ikilowa usiku, stendi huzama na pikipiki huanguka.

## Hatua ya 8: Kushuka

Usiondoke na ukungu. Subiri uweze kuona kona mbili mbele yako. Mara nyingi kufikia saa tatu au saa nne asubuhi unakuwa umepanda.

Kabla ya kuwasha, pitisha vidole kwenye njiti za gurudumu la nyuma ukizibana mbili mbili. Iliyolegea utaihisi. Kaza nati za keria, paka cheni oili, angalia upepo. Hema lililolowa lifungwe peke yake, na ukumbuke sasa ni zito kuliko lilivyokuja, hivyo sawazisha upya.

Kisha sheria ya mteremko: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ulipanda kipande kwa namba mbili, kishuke kwa namba mbili. Injini ikifungiwa mafuta inazuia gurudumu yenyewe, na breki zinabaki kwa ajili ya kona na dharura.

Wapo wanaozima injini au kuweka nyutro kuanzia Soni ili kuokoa mafuta. Naomba sana usifanye hivyo. Unaokoa mafuta ya shilingi chache, na unabebesha breki peke yake uzito wako, wa pikipiki na wa mzigo kwa kilomita nyingi. Breki ya drum ikipata joto, drum hutanuka na kujitenga na shuu, na shuu zenyewe hupoteza ushikaji. Ya diski huchemsha mafuta yake. Vyote viwili huishia na kanyagio au mkono unaoingia ndani bila kitu kutokea.

Dalili huja mapema kwa anayeisikiliza. Kanyagio linashuka chini kidogo kuliko asubuhi. Harufu ya kuungua inakuja kutoka nyuma. Ukiona moja kati ya hizo, shusha gia, tafuta mahali papana, simama robo saa au zaidi. Usimwagie maji; chuma cha moto kikipoozwa ghafla hupinda au kupasuka.

Tumia breki zote mbili, kwa vipindi: bana kwa nguvu ya wastani, punguza mwendo, achia zipoe. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakozichoma.

Breki zikikupotea kabisa licha ya yote, usiruke kutoka kwenye pikipiki. Shusha gia moja baada ya nyingine, hadi namba moja, na uelekee upande wa mlima, kwenye kichaka au ukingo wa udongo. Upande wa bonde usiuelekee kwa hali yoyote. Namba ya dharura ni 112.

Ukifika Mombo, angalia kanyagio liko wapi ukilinganisha na asubuhi. Likiwa palepale, umeshuka vizuri. Likiwa limeshuka sana hata baada ya breki kupoa, tafuta fundi hapohapo afungue gurudumu la nyuma na kuzitazama shuu, kabla hujaingia barabara kuu yenye mabasi ya Arusha na mwendo mwingine kabisa.